Diski Hii Ilikuwa Peke Yake?

Nimesikia mmelifuta lile swali la kwanza. Msibishe, maana aliyeniambia ni mmoja wenu. Alipanda hadi huku Hasamba kunijulia hali, na sukari na sabuni mkononi kama mtoto aliyelelewa, na katikati ya chai akaniambia kwa furaha kabisa kwamba sasa programu yetu ya Hamisha imekuwa nyepesi: mtu analeta kopi ya diski, anabonyeza mara moja, kompyuta inaamka. "Yale maswali yako ya kizee tumeyapunguza, Madamu. Yanachelewesha wateja." Nikamwongezea chai. Alipoondoka nilikaa pale jikoni hadi moto ukazimika, sikukumbuka hata kuongeza kuni.

Kwa hiyo nawaandikia. Sijakasirika. Haya, nimekasirika, ila hasira ya mzee haiendi mbali, inaishia kwenye magoti. Nisikilizeni tu, na mkimaliza kusoma mfanye mtakavyo, programu ni yenu sasa.

Wale mlioingia ofisini juzi mnadhani kompyuta pepe zilikuwepo tangu Adamu. Wapi! Tunduma ya wakati ule, kama ya leo, ilikuwa malori, vumbi na mawakala wa forodha, na kila wakala alikuwa na kompyuta moja kuukuu kwenye kona iliyokuwa inaendesha ofisi nzima. Vumbi linaingia, umeme unakatika na kurudi kwa hasira, siku moja kompyuta inanyamaza. Programu iliyomo ndani, aliyeitengeneza ameshahamia Lusaka au ameshafariki, na kwenye kompyuta mpya haikubali kuingia hata uibembeleze. Ndipo wanatuita sisi. Tunachomoa diski, tunainakili yote tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na makapi yake, inakuwa faili moja kubwa. Hiyo ndiyo kopi. Kisha programu yetu inaichukua kopi na kuijengea kompyuta isiyo na boksi, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Programu ya zamani inaamka, inaangaza macho, inaona kila kitu kipo mahali pake, inaendelea na kazi. Haijui kwamba mwili wake ulishauzwa chuma chakavu.

Aliyenifundisha kazi hii ni Mzee Simbeye, Mnamwanga mfupi, mkali, aliyeanza maisha kwa kutengeneza redio za mkulima. Chuo hakukiona, na mimi nilikiona, na wala hakuna aliyemshinda mwenzake. Mimi niliandika, yeye alinigombeza. "Wewe mtoto wa Kinyiha unaandika programu kama unapalilia kahawa," alikuwa ananiambia, "unakata magugu na mche wenyewe." Alikuwa na maneno machache aliyoyarudia hadi unayachukia. Diski ya kwanza haiguswi. Unafanya kazi kwenye kopi, na kopi yenyewe unaitolea kopi. Mtu akizinduka nyumba ya wageni, kitu cha kwanza anatafuta mlango. Basi kabla hujaiamsha mashine, hakikisha umeshaiwekea programu ndogo ya kuisomea diski yake mpya, la sivyo itaamka, haitaona mlango, itakuonyesha kioo cha buluu na kulala tena. Na mashine iamke kiziwi. Yaani mtandao uzimwe hadi mtu mwenyewe auwashe.

Hilo la ukiziwi lilitoka kwa wakala mmoja ambaye simtaji. Tulimhamishia kompyuta yake vizuri, tukaondoka tunajipongeza. Kumbe karani wake aliionea huruma ile kompyuta kongwe, akamfuta mzee wa watu vumbi, akamrudishia diski yake, akamwasha. Akawaka! Sasa wakawa wawili kwenye mtandao mmoja, jina moja, namba moja, kila mmoja anajiona ndiye. Karatasi za lori la samaki zinatoka mara mbili, za lori la saruji hazitoki kabisa. Dereva wa samaki alikuja ofisini kwetu na harufu ya mzigo wake, akakaa tu kwenye kiti akatutazama hadi tukamaliza kurekebisha. Mzee Simbeye alicheka wiki nzima.

Mkiona nawachekesha ni kwa sababu sitaki kufika ninakokwenda.

Programu yetu mwanzoni haikuitwa Hamisha. Mimi niliipa jina la Fufua. Mkichimba kwenye faili za zamani mtalikuta, sikulitoa lote. Nilikuwa kijana, nimeona mashine iliyokufa inaamka, nikajiona Mungu mdogo. Mzee Simbeye hakulipenda. "Badilisha jina hilo. Hapa Tunduma ukitangaza unafufua, kesho utaletewa maiti." Nikacheka. Neno likasambaa sokoni, stendi, makanisani: kuna watu kule karibu na maegesho ya malori wanafufua kompyuta.

Akaja Mama Yunis.

Alikuja asubuhi ya manyunyu, baridi ile ya kwetu inayoingia hadi kwenye meno, amebeba kichwani boksi la kompyuta lililofungwa kitenge. Ameshuka nalo kwenye basi kutoka Ihanda. Nikampokea, nikalitua mezani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa hapa mnafufua."

Mzee Simbeye alikuwa kwenye kona na pasi yake ya kuchomelea risasi. Aliniangalia, kisha akainama kwenye kazi yake.

Mama akaeleza. Mumewe, Mwalimu Halinga, alikuwa mwalimu wa kwaya kule Ihanda. Alinunua kompyuta hiyo, akamleta fundi kutoka Mbeya akaipanga, akawa anarekodi kwaya sebuleni, magodoro yameegemezwa ukutani ili mbuzi wasisikike. Binti yao Yunis ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo. Alirekodiwa wimbo mmoja akiwa peke yake, kwaya ingewekwa baadaye. Haikuwekwa. Yunis alifariki kwenye uzazi, na mwalimu hakuishi sana baada yake. Wimbo ule haukuwahi kutoka kwenye kompyuta ile.

"Picha zake ninazo," akasema. "Picha haisemi. Naanza kuisahau sauti yake, mwanangu. Juzi nimeamka nikajaribu kuikumbuka, ikaja ya dada yangu. Nikasema basi, siku si nyingi itakuwa imekwenda kabisa. Nisikie mara moja tu. Mara moja, mnaweza?"

Nikasema tunaweza. Loo, ulimi huu! Nilisema kabla sijashika hata bisibisi.

Nikafungua boksi. Ndani palikuwa pasafi kuliko kompyuta yoyote niliyowahi kufungua Tunduma. Alikuwa analifuta kila Jumamosi, analifunika kitambaa alichofuma mwenyewe, linakaa sebuleni chini ya picha ya marehemu. Na diski hamna. Waya zake zilikuwa zinaning'inia, hazijashika kitu.

"Mama, diski ziko wapi?"

"Diski ndiyo nini?"

Nikamwonyesha moja ya mezani. Akaishika, akaitazama, uso ukabadilika. "Hizi si ndizo walizogawiwa watoto?"

Msicheke. Mnajua sisi, siku ya kumaliza matanga, vitu vya marehemu vinagawiwa mbele ya ukoo, na wazee wanajitahidi haki ionekane, maana ugomvi wa mali ya marehemu haufi. Mwalimu aliacha watoto wa kiume wawili, Obadia na Wiliamu. Ilipofika zamu ya kompyuta, wazee wakauliza thamani yake iko wapi. Kijana mmoja wa ukoo anayejua kidogo akafungua, akasema iko humu, akatoa diski mbili. Ukubwa mmoja, rangi moja, uzito mmoja. Wazee walifurahi jamani! Watoto wawili, vitu viwili sawasawa. Baba mkubwa wao akasema Mungu amegawa mwenyewe, sisi tunakabidhi tu. Moja kwa Obadia, moja kwa Wiliamu. Mjane akapewa boksi, kwa kuwa mjane ndiye hubaki na nyumba.

Hapakuwa na mwizi wala mjinga pale. Ulikuwa mgawo wa haki kuliko migawo mingi niliyoshuhudia. Ila yule fundi wa Mbeya, ili kompyuta iwe na kasi ya kurekodi, alikuwa amezifunga zile diski mbili zifanye kazi kama moja. Kila kitu kilichoandikwa kiligawanywa vipande vidogo, kama unavyowagawia watoto wawili karanga: hii yako, hii yako, hii yako. Sauti ya Yunis ilikuwa nusu huku, nusu kule. Nilimweleza mama hivyo hivyo, kwa karanga. Akaelewa upesi kuliko makarani wengi.

"Basi tuwaite watoto warudishe," akasema, akaanza kufunga kitenge chake vizuri. Kwake jambo lilikuwa limekwisha.

Obadia alileta yake kesho yake. Alikuwa ameihifadhi ghalani, juu ya magunia ya mahindi, ndani ya mifuko ya plastiki mitatu mmoja ndani ya mwingine. Hakujua inafanya nini. Alijua ni ya baba, ikamtosha. Niliinakili, ikasomeka yote bila kukwama hata mara moja. Mzee Simbeye akaipapasa kama mtu anavyompapasa ng'ombe mzuri.

Wiliamu tulimfuata wenyewe, mimi na mama, maana simu yake ilikuwa inaita tu. Wiliamu alikuwa na kibanda Nakonde, upande wa pili wa mpaka, anauza filamu na nyimbo, mtu analeta flashi anajaziwa. Tulivuka kwa miguu kati ya malori. Mama alikuwa anatembea mbele yangu, ana haraka, na njiani akanisimulia Yunis alivyokuwa mtundu, alivyokuwa anaanzisha wimbo juu mno makusudi ili kaka zake washindwe kufika.

Wiliamu alipomwona mama yake alifurahi, akatoka na kiti, akamsalimia kwa Kibemba cha kule. "Mulishani, bamayo! Karibuni, karibuni. Shikamoo, dada."

Mama hakukaa. "Ile diski ya baba yako iko wapi?"

"Ipo, mama! Ndiyo inayoniweka mjini hii," akasema kwa fahari, akaipiga piga kompyuta yake mgongoni. "Imejaa filamu humu. Kila mtu Nakonde anakula kwangu."

Nikamuuliza taratibu, alipoiweka mara ya kwanza ilikuwaje.

"Awe, hapana dada, haikuwa na kitu. Tupu kabisa. Niliichomeka, kompyuta ikaniuliza, diski hii haijaandaliwa, tuiandae? Nikasema ndiyo." Akatutazama, mimi, kisha mama. "Si iliniuliza? Nami nikajibu. Kwani kulikuwa na nini?"

Wanangu, someni hapo tena. Kompyuta ilimuuliza. Ilikutana na nusu ya kitu, ikashindwa kukisoma, ikakiita kitupu, ikauliza kwa adabu kama inaweza kuanza upya. Swali lilikuwa zuri, lina lugha nzuri, lina kitufe kikubwa. Aliyelitunga hakuwahi kuwaza kwamba diski inaweza kuwa na mwenzake mahali. Wiliamu alijibu kama mtu yeyote mwenye akili zake angejibu.

Mama ndiye aliyemwambia. "Alikuwemo dada yako humo."

Sitaieleza sura ya Wiliamu. Alifunga kibanda mchana kweupe, akachomoa diski, akatufuata Tunduma bila kuaga majirani.

Nilijaribu. Nilitoa kopi ya diski ya Wiliamu, nikaiunganisha na ya Obadia, nikaipa programu. Haikuamka, na sikutegemea iamke. Nikachimba chini ya filamu nikitafuta mabaki, maana pengine kitu kilichofutwa kinabaki chini kama majivu ya moto wa jana. Lakini yule kijana alikuwa mchapakazi. Alikuwa amejaza, amefuta, amejaza tena, juu ya hapo hapo. Palipokuwa pa Yunis nilikuta watu wanapigana ngumi. Niligeukia ukutani kidogo, nikajifanya natafuta waya.

Mzee Simbeye ndiye aliyesema, "Acha kufufua. Mpe mama kilichopo." Akasema sauti ile ilirekodiwa bila faili kubanwa ipungue ukubwa, kwa hiyo kila kipande kinaweza kusikika chenyewe. Tuvitafute vipande vya wimbo kwenye diski ya Obadia, tuvipange kwa mpangilio wake, na palipo na pengo tuache kimya chenye urefu wa pengo. Kipande kimoja hakifiki hata pumzi moja. Ilinichukua kazi, lakini ilikuwa kazi inayojulikana mwisho wake.

Siku ya kusikiliza walikuja wote watatu. Mama alivaa nguo ya kanisani. Nikamwambia kabla, mama, ni nusu, itakuwa inakatika katika, usitegemee sana. Akasema, "Washa, mwanangu."

Nikawasha. Akaja Yunis. Sauti nyembamba, ya juu, ina mkwaruzo kidogo wa asubuhi. "Mvua iki—" kimya. "—jiani, Bwa—" kimya. "—fungulie mla—" kimya. Mama alikunja uso kama mtu anayesikiliza aliye mbali. Ukaisha. Nikataka kuomba radhi, akaninyooshea mkono ninyamaze. "Rudia."

Nikarudia. Safari hii Yunis alipokatika, mama aliingia. Hakupaza sauti. Aliimba kile kipande kilichokosekana, akanyamaza binti aliporudi, akaingia tena alipokatika. "Mvua iki—" "—ninyeshea n—" "—jiani, Bwa—" "—na, ni—" "—fungulie mla—" "—ngo." Sauti yake ilikuwa ya kizee, nzito, imechakaa, na ilikuwa inaingia mahali pake bila kukosea. Obadia alikuwa ameshika mlango. Wiliamu alikaa chini sakafuni. Wakafika ubeti wa mwisho, Yunis akakatika, na mama hakuingia. Alifungua mdomo, akabaki hivyo. Wimbo ukaendelea bila yeye.

"Hapo," akasema. "Hapo alisemaje?"

Nikarudisha. Akajaribu, hapana. Akamwuliza Obadia, Obadia hajui. Akamwuliza Wiliamu. Wiliamu akatikisa kichwa. Baba yao ndiye aliyeutunga wimbo, na Yunis peke yake ndiye aliyekuwa amefundishwa hadi ubeti ule. Neno moja, jamani, labda mawili. Mama alilitafuta machoni petu sote, hata kwangu ambaye sikuwahi kumwona binti yake.

Nilimwambia, mama, turekodi sauti yako kwenye mapengo, angalau wimbo ushikane. Alikataa. "Mimi nikiingia humo nitamfunika mwanangu. Muache alivyo. Nitakuwa naingia mwenyewe." Wiliamu akamwekea kwenye simu, na nasikia alikuwa anausikiliza kila siku akichambua maharage, akiimba sehemu yake.

Wiki ile ile nilibadilisha jina la programu. Na juu kabisa, kabla ya kitu kingine chochote, nikaandika swali: Diski hii ilikuwa peke yake? Niliandika kwa Kiswahili, bila kitufe kikubwa, na mtu asipojibu programu haiendi mbele. Mzee Simbeye alilisoma, akavua miwani, akasema, "Hilo hata mimi nisingelifuta." Kwa mtu yule hiyo ilikuwa sifa ya mwaka. Sasa naye yuko Tunduma makaburini, hawezi kuwagombeza, nimebaki mimi na magoti yangu.

Mnasema karibu wote wanajibu ndiyo, ilikuwa peke yake, kwa hiyo swali ni la bure. Kuuliza si ujinga, wanangu. Linawachelewesha watu? Acheni liwacheleweshe. Wiliamu hakucheleweshwa.

Mama Yunis tulimzika Ihanda, msimu wa mvua uliopita. Udongo mzito, viatu vinabaki njiani. Wiliamu aliomba wimbo upigwe kabla ya jeneza kutolewa ndani, akauweka kwenye spika za kanisa. Yunis akaimba kipande, akanyamaza. Akaimba kipande, akanyamaza. Watu wakaanza kutazamana, kijana mmoja wa mitambo akainuka mbio akaenda kutikisa waya, akidhani spika ni mbovu. Obadia akamshika mkono akamrudisha kitini. Tukausikiliza hivyo hivyo hadi mwisho, na kila Yunis alipokatika, sisi watatu tulikuwa tunajua ni nani aliyetakiwa kuingia hapo.